GARI LINAPOLIA: NAMNA YA KUTAFUTA CHANZO CHA SAUTI NGENI KATIKA GARI LA CHAMA

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto kwa kupitia Soni ina urefu wa kilomita 33 hivi. Mombo iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Maana yake ni kwamba kila gari linaloteremsha kabichi, karoti, viazi au nyanya za wakulima wa milima ya Usambara hushuka mita elfu moja hivi, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, kabla ya kuikuta barabara kuu iendayo Dar es Salaam na Arusha. Tena magari mengi hayaanzii safari Lushoto mjini. Yameanzia mbali zaidi, Lukozi, Mlalo au Mtae, yakapokea mizigo kando ya mashamba katika njia za udongo na mawe, na yanapofika mjini yamekwisha kutikiswa vya kutosha.

Katika safari za namna hiyo, hakuna neno linalomtia katibu wa chama mashaka kama lile la dereva anapoingia ofisini asubuhi na kusema, "Ndugu Katibu, gari linalia."

Mara nyingi neno hilo hujibiwa kwa njia mbili, na zote mbili zina hasara. Njia ya kwanza ni kulipuuza: mboga zimekwisha kuvunwa, mnunuzi anangoja Kariakoo, basi gari na liende, litatazamwa likirudi. Njia ya pili ni kulipeleka gari gereji na kumwambia fundi "alitazame" bila kumweleza jambo jingine lolote. Fundi naye, kwa kuwa hakuambiwa kitu, hufungua kile anachokidhania. Huenda akapatia, huenda akakosa. Akikosa, fedha za wanachama hununua kipuri kipya mahali pa kipuri kilichokuwa kizima, na gari hurudi chamani likilia vilevile.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo inayoelezwa katika makala hii. Si kazi ya katibu kuwa fundi. Lakini ni kazi yake kujua maswali ya kuuliza kabla ya hundi kuandikwa, na kujua ni sauti gani inaweza kungoja mpaka kesho na ni ipi haingoji hata kona moja zaidi.

KWA NINI SAUTI ISIPUUZWE

Yafaa kuanza na breki, kwa kuwa katika milima hii breki ndiyo roho ya dereva na ya abiria wake. Gari linaposhuka, nguvu ya uzito wake haipotei bure. Hapana budi igeuke kuwa kitu kingine, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuka kuwa joto. Lori lenye uzito wa tani 7 pamoja na mzigo wake, likishuka mita 1,000, hutoa nguvu ambayo ingalitosha kuchemsha maji baridi yaliyojaa pipa la lita 200. Dereva anayeshuka kwa gia kubwa na kutegemea breki peke yake huilazimisha breki kubeba joto hilo karibu lote. Dereva anayeshuka kwa gia ndogo huiachia injini, upepo na matairi sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Breki ikipata joto kupita kiasi, ngoma yake ya chuma hutanuka na kwenda mbali na viatu vya breki, mshiko wa laini hupungua, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka ndani ya mabomba. Hapo dereva hukanyaga na pedali huzama kama iliyokanyaga sifongo. Basi ikiwa laini zilikuwa zimekwisha tangu mwanzo, na gari likawa linapiga kelele ya chuma kusuguana na chuma kila dereva anapokanyaga breki, kelele ile ilikuwa onyo la mwisho. Aliyeisikia akasema "litafika tu" aliamua jambo kubwa kuliko mamlaka yake.

Si kila sauti ni ya hatari. Asubuhi ya umande, breki iliyolala nje yaweza kulia mara mbili tatu kwa sababu ya kutu nyembamba juu ya chuma, kisha ikanyamaza. Mkanda wa feni waweza kupiga yowe injini inapowashwa wakati wa baridi. Injini ya dizeli hugonga kwa nguvu zaidi kabla haijapata joto, nayo ni hali yake ya kawaida. Kwa hiyo haitoshi kusema gari linalia. Lazima ijulikane linalia nini.

KWA NINI SAUTI HUDANGANYA

Katika hewa, sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Katika chuma, husafiri mita 5,000 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya mara kumi ya mwendo wake hewani, na hupita bila kupungua sana. Gari ni chuma kilichofungwa kwa chuma. Kishindo kinachozaliwa kwenye gurudumu la nyuma hupita katika springi, kikaingia katika fremu, kikatokea chini ya miguu ya dereva. Dereva ataapa kwamba giaboksi ndiyo inayogonga, kwa kuwa ndipo masikio yake yaliposikia. Hasemi uongo. Amesikia mahali sauti ilipotokea, wala si mahali ilipozaliwa.

Milima nayo huongeza udanganyifu. Panapokuwa na mwamba uliochongwa kando ya barabara, sauti ya magurudumu hugonga mwamba na kurudi, ikasikika kubwa kuliko ilivyokuwa upande wa bonde. Lakini jambo hilo hilo laweza kutumiwa kwa faida. Dereva anayetaka kusikia vizuri magurudumu ya upande mmoja na afungue dirisha la upande huo apite polepole kando ya ukuta au mwamba. Sauti iliyokuwa ikitawanyika bondeni itamrudia sikioni.

MASWALI YA KUMWULIZA DEREVA

Kabla ya spana kushikwa, katibu na aketi na dereva kwa dakika kumi, karatasi mkononi, amwulize maswali haya na kuandika majibu kama yalivyotolewa:

(a) Sauti ilianza lini? Je, ni baada ya jambo fulani, kama vile kubadilisha tairi, kutengeneza breki, kupita shimo kubwa au kuvuka mto?

(b) Husikika gari likiwa limesimama, au mpaka litembee?

(c) Husikika gari likiwa tupu, au mpaka lipakiwe?

(d) Huongezeka pamoja na mwendo wa gari, au pamoja na mlio wa injini?

(e) Hubadilika dereva akikanyaga breki, akikanyaga klachi, akiondoa mguu kwenye mafuta au akikata kona?

(f) Ni mlio wa namna gani: kugonga, kusaga, kuvuma, kulia kama ndege, au kupuliza?

Dereva asikemewe wala asichekwe anapojibu. Akijua kwamba kila akitaja sauti ataulizwa "umeliharibuje gari la chama?", siku nyingine atanyamaza, na hasara ya ukimya huo italipwa na wanachama wote. Utingo naye aulizwe, kwa maana yeye hukaa nyuma na mzigo na husikia yasiyofika mbele. Siku hizi dereva au utingo mwenye simu ya mkononi anaweza kuirekodi sauti ile njiani, gari likiwa katika hali ile ile inayoliliza, ili fundi aisikie hata kama gari limefika gereji limenyamaza. Anayerekodi asiwe yule aliyeshika usukani.

KUITENGA SAUTI

Utafutaji wa sauti ni kama utafutaji wa ng'ombe aliyepotea: huanza kwa kujua upande ambao hakuupitia. Kila jaribio liondoe sehemu moja ya gari katika orodha ya watuhumiwa.

Kwanza, gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imefungwa na magurudumu yamewekewa kabari. Injini iwashwe, gia ikiwa huru. Injini iongezwe mlio kidogo kidogo. Sauti ikisikika, watuhumiwa ni injini yenyewe, feni na mkanda wake, pampu ya maji, altaneta, eksozi, klachi au giaboksi. Isiposikika kabisa, kwa kiasi kikubwa injini imeondoka katika orodha, isipokuwa kwa sauti zile zinazozaliwa injini inapovuta mzigo tu.

Pili, katika hali ile ile, dereva akanyage klachi. Sauti ikizaliwa mguu unapokanyaga, atazamwe beringi ya klachi. Sauti iliyokuwapo ikipotea mguu unapokanyaga na kurudi mguu unapoachia, yatazamwe maberingi ya ndani ya giaboksi. Jaribio hili halina gharama yoyote, nalo huokoa ubishi mrefu.

Tatu, kama sauti husikika gari likitembea tu, litembezwe polepole mahali tambarare pasipo na watu. Dereva akanyage klachi kitambo kidogo na kuliacha gari lijiendee. Sauti ikiendelea vilevile ingawa mlio wa injini umeshuka, basi hutoka katika vitu vinavyozunguka pamoja na magurudumu: propela, difu, ekseli, maberingi ya magurudumu, ngoma za breki au matairi. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwenye mteremko. Dereva anayetoa gia katika mteremko wa Soni ili asikilize sauti, au ili aokoe mafuta, amejinyima nguvu ya injini ya kumzuia.

Nne, gari likatwe kona taratibu, kwanza kulia kisha kushoto. Gari linapokata kulia, uzito huelemea upande wa kushoto, na linapokata kushoto, huelemea upande wa kulia. Beringi ya gurudumu iliyochakaa huvuma zaidi inapoelemewa. Basi mvumo unaoongezeka katika kona za kulia huelekeza kidole upande wa kushoto. Kona za barabara ya Mombo, ambazo madereva huzilalamikia, ni shule nzuri ya jambo hili, mradi mwendo uwe mdogo.

Tano, dereva apime tofauti ya kukanyaga mafuta na kuachia. Mvumo unaozuka akikanyaga na kubadilika akiachia mara nyingi hutoka katika meno ya difu. Mgongo mmoja wa "ko" kila anapotia gia au anapoachia mafuta, pamoja na mlio kama wa ndege katika mwendo mdogo, ni dalili ya viungo vya propela vilivyokauka grisi au kulegea.

Sita, pasahauliwe vitu vilivyo vidogo. Tairi la akiba lililolegea katika mnyororo, mlango wa nyuma wa bodi, jeki isiyofungwa, kasha la soda chini ya kiti: vyote hivi vimewahi kutuhumiwa kuwa "injini." Kabla ya kufungua kilichofungwa, kifungwe kilichofunguka.

KUHESABU MAPIGO

Sauti ya kugonga ina siri nyingine inayofunuliwa na saa ya mkononi. Tairi la lori dogo lenye kipenyo cha sentimita 80 lina mzingo wa mita 2.5 hivi. Katika mwendo wa kilomita 10 kwa saa, gari husonga mita 2.8 hivi kila sekunde. Kwa hiyo gurudumu huzunguka mara moja na kidogo kwa sekunde, yaani mara 11 hivi katika sekunde kumi. Propela, ambayo katika malori mengi huzunguka mara tano hivi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, itakuwa imezunguka zaidi ya mara 50 katika sekunde hizo hizo.

Sasa tofauti ni wazi. Kama utingo anaweza kuhesabu kwa kinywa, "moja, mbili, tatu," na akafika 11 katika sekunde kumi, kinachogonga kinazunguka pamoja na gurudumu. Kama mapigo ni ya haraka mno hata hayahesabiki, zitazamwe propela na sehemu zilizo mbele yake. Na kama mapigo hayana mpango, mara mawili, mara hakuna, hasa njiani penye mashimo, basi si kitu kinachozunguka bali ni kitu kilicholegea: springi, bushi, shokapu au bodi.

FIMBO YA FUNDI

Mwaka 1816, katika mji wa Paris, daktari Mfaransa aitwaye René Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake, akaona kwamba mapigo ya moyo yanasikika vizuri kuliko alipotega sikio kifuani. Baadaye alitengeneza bomba la mti. Kifaa wanachovaa madaktari shingoni leo kimezaliwa hapo.

Mafundi wa magari hutumia hekima hiyo hiyo. Huchukua bisibisi ndefu au kipande cha ubao mgumu, ncha moja wakaigusisha kwenye kifuniko cha pampu ya maji, kisha altaneta, kisha ubavu wa injini, na ncha nyingine wakaiweka sikioni. Penye ubovu sauti hukaribia. Palipo pazima husikika mvumo laini. Lakini kazi hii ni ya mtu aliyezoea. Atakayeifanya asiwe na kanga, tai au mikono mirefu ya shati inayoweza kunaswa na mkanda wa feni, na asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake bila vigingi imara.

Magari mapya yana kompyuta inayoweza kusomwa na mashine ya fundi, nayo husaidia sana katika makosa ya injini na umeme. Lakini kompyuta hiyo haiwezi kumwambia mtu kwamba nati za gurudumu zimelegea au kwamba jani la springi limekatika. Kwa mambo hayo, sikio na mkono bado havijapata badala yake.

MFANO WA KAZI YENYEWE

Yafaa kuona jinsi maswali haya yanavyofanya kazi pamoja. Na tuchukulie chama cha wakulima wa mboga chenye lori la tani 4, lenye matairi mawili mawili nyuma. Dereva analeta habari kwamba gari linagonga, naye anaamini ni giaboksi. Gari limepelekwa gereji tayari, na fundi amesema giaboksi ishushwe ifunguliwe. Halmashauri imeketi. Gharama ile itakula fedha zilizotengwa kununulia mbegu na mbolea za msimu wa vuli.

"Mzee," katibu anamwuliza dereva, "gari lilipokuwa gereji lilikuwa tupu au limepakiwa?"

"Lilikuwa tupu, Ndugu Katibu. Fundi alilizungusha hapo hapo uwanjani."

"Na likiwa tupu linagonga?"

Dereva anafikiri. "Kusema kweli, likiwa tupu linapunguza. Pengine linanyamaza kabisa."

Hapa pana jambo. Giaboksi mbovu haina desturi ya kupona mzigo unaposhushwa njiani tambarare. Katibu anaendelea. Sauti haisikiki gari likiwa limesimama, hata injini ikiongezwa mlio: injini imeondoka katika orodha. Dereva akikanyaga klachi mahali tambarare, kugonga hakubadiliki: klachi nayo imeondoka, na giaboksi haina tena mashaka makubwa. Gari linapakiwa magunia ya viazi na kutembezwa kwa kilomita 10 kwa saa. Utingo anahesabu mapigo 11 kwa sekunde kumi: propela imeondoka, limebaki gurudumu. Katika kona ya kulia kishindo kinaongezeka: ni upande wa kushoto.

Gurudumu la nyuma la kushoto linainuliwa. Fundi analizungusha kwa mkono na kulitikisa juu na chini. Beringi ni nzima, nati zimekaza. Ndipo anapochungulia katikati ya matairi mawili na kuona jiwe limebanwa, lililookotwa katika njia ya shambani. Gari likiwa tupu, matairi hayavimbi chini, na jiwe halibanwi. Likipakiwa, matairi hutanuka kandoni, na kila mzunguko jiwe hubanwa na kugonga. Katika kona ya kulia, uzito wote ukielemea kushoto, hubanwa zaidi.

Kulitoa jiwe kwa mtaimbo ni kazi ya dakika chache. Lakini habari haiishi hapo. Matairi yakiondolewa, inaonekana kwamba jiwe limekwisha kuukata ubavu wa tairi la ndani mpaka nyuzi zimetokeza. Tairi lile haliwezi kupewa mzigo tena. Chama kimeokoa gharama ya giaboksi, na hakina budi kununua tairi. Siku chache zaidi na lingaliweza kupasuka mteremkoni, pamoja na mzigo, na watu wawili mbele.

Katika mfano huu dereva hakudanganya wala fundi hakuwa mwizi. Aliletewa gari tupu kwa sauti ya gari lililopakiwa. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza.

SAUTI ZISIZONGOJA

Zipo sauti ambazo zikisikika dereva asimame mahali salama, asiendelee hata kama mnunuzi anapiga simu:

(a) Chuma kusaga chuma wakati wa kukanyaga breki, au breki yoyote inayotoa harufu ya kuungua na pedali kuzama.

(b) Kugonga au kuchezacheza kwa gurudumu pamoja na usukani kutetemeka, hasa baada ya tairi kubadilishwa. Nati zikazwe upya. Baada ya kila tairi kufungwa, nati zikaguliwe tena gari likishakwenda kilomita 50 hadi 100.

(c) Mgongo mzito kutoka tumboni mwa injini unaoongezeka injini inapovuta, zaidi sana taa ya oili ikiwaka. Injini izimwe papo hapo. Aliyeizima mapema huenda akatengeneza sehemu moja. Aliyeendelea hununua injini nzima.

(d) Mgongo wa springi au ekseli pamoja na gari kuvuta upande mmoja.

(e) Mpulizo wa eksozi unaoambatana na moshi kuingia ndani. Moshi huo una hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Katika hali hizi dereva awe na haki ya kusimama bila kuomba ruhusa ya mtu, na halmashauri iandike haki hiyo katika kumbukumbu za mkutano. Kabichi inaweza kuhamishiwa gari jingine. Ikinyauka njiani, ni hasara, lakini ni hasara inayohesabika.

DAFTARI LA GARI NA WAJIBU WA KATIBU

Kila chama chenye gari kiwe na daftari lake. Humo iandikwe tarehe, kilomita zilizosomwa, sauti iliyosikika, majibu ya dereva, jaribio lililofanywa, kilichoonekana, kilichobadilishwa na bei yake. Likitunzwa vizuri, daftari hilo humwonyesha katibu kwamba mkanda wa feni umebadilishwa mara tatu kwa mwaka, na kwamba tatizo basi si mkanda bali ni pampu au kapi inayouharibu. Humsaidia pia mkaguzi wa hesabu kuona sababu ya kila shilingi, na humlinda katibu mwenyewe siku wanachama wanapouliza katika mkutano mkuu.

Gari linapopelekwa gereji, fundi apewe karatasi yenye majibu yale yaliyoandikwa, badala ya kuambiwa tu "linalia." Asipewe idhini ya jumla, aseme kwanza anachokidhania, kwa sababu gani, na kwa bei gani. Kipuri cha zamani kirudishwe chamani kitazamwe: beringi iliyochakaa huonekana kwa jicho na kusikika ikizungushwa kwa kidole, na kiungo cha propela kilicholegea hucheza mkononi. Kisha gari lijaribiwe katika hali ile ile iliyoliliza, likiwa na mzigo kama lililia likiwa na mzigo, na fundi awemo, kabla ya kulipwa sehemu ya mwisho ya fedha.

Asubuhi ya kila safari, dereva na utingo walizunguke gari. Wachungulie katikati ya matairi ya nyuma, waguse nati kwa spana, watazame majani ya springi, oili na maji ya rejeta, wakanyage breki kabla ya kuondoka na tena kabla ya mteremko kuanza. Kazi hii haizidi robo ya saa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari la chama ni ukuta uliojengwa kwa magunia ya watu wengi, na ufa wake hujitangaza wenyewe kwa sauti. Mwanachama aliye shambani Mtae hawezi kuusikia. Amewaachia dereva, utingo na katibu wausikie kwa niaba yake.